Udongo Kiasi Gani kwa Tuta Lililoinuliwa? Tulinganishe Kina cha Sentimita 20, 30, 45 na 60

Ukisimama mbele ya fremu tupu ya mbao, swali la udongo linaonekana kama hesabu ya shule ya msingi: urefu mara upana mara kina. Hesabu hiyo ni sahihi na nitaionyesha hapa chini. Lakini katika matuta niliyojaza mwenyewe na yale niliyowasaidia wengine kujaza, ni mara chache tatizo limekuwa kuzidisha. Tatizo huwa kwenye ile namba ya tatu. Urefu na upana unavipima. Kina unakichagua, na watu wengi hawakichagui. Wanachukua tu kimo cha mbao walizozipata na kukifanya kuwa kina cha udongo.

Kimo cha fremu na kina cha udongo ni vitu viwili. Kimo ni cha mgongo wako, kina ni cha mizizi. Ukivitenganisha mapema, unaweza kugundua kwamba unahitaji nusu tu ya udongo uliokuwa tayari kuulipia, au kwamba tuta ulilokusudia kuliweka juu ya sakafu ya saruji halitaweza kulea nyanya hata ukilijaza hadi ukingoni.

Nitatumia tuta moja mwanzo hadi mwisho ili tulinganishe kitu kilekile: urefu mita 2.4 na upana mita 1.2, vipimo vya ndani. Upana huo una sababu. Mkono wa mtu mzima hufika sentimita 60 bila shida, kwa hiyo unaweza kupalilia hadi katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani. Tuta lisilokanyagwa hubaki na udongo laini, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kuliinua.

Angalia sasa kila kipimo kina uzito gani. Ukikosea urefu kwa sentimita 5, umekosea udongo kwa asilimia 2. Ukikosea upana kwa sentimita 5, ni asilimia 4. Ukikosea kina kwa sentimita hizohizo 5 kwenye tuta la sentimita 30, umekosea kwa karibu asilimia 17.

Njia tatu za kupata jibu

Njia ya darasani ni kugeuza kila kipimo kuwa mita na kuzidisha: 2.4 × 1.2 × 0.3 = mita za ujazo 0.864. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, hivyo tuta letu la kina cha sentimita 30 linabeba lita 864. Inafaa unapoagiza mzigo mkubwa, kwa sababu wauzaji wa udongo wa lori huhesabu kwa mita za ujazo.

Njia ya pili ndiyo ninayoitumia kila siku. Tafuta eneo kwa mita za mraba, zidisha kwa kina cha sentimita, kisha zidisha kwa 10. Jibu ni lita. Eneo la tuta letu ni 2.88, na 2.88 × 30 × 10 ni 864 ileile. Mtu aliyezoea kupima mvua ataielewa papo hapo: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, basi sentimita 1 ya udongo ni lita 10. Uzuri wake ni kwamba inakuwezesha kufikiri kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 hutandaza sentimita 2 juu ya mita moja ya mraba. Ukikuta tuta limeshuka sentimita 4, unajua bila karatasi kwamba kila mita ya mraba inadai ndoo 2.

Njia ya tatu haihitaji vipimo vya eneo kabisa. Piga mstari ndani ya fremu, sentimita 10 kutoka chini. Jaza hadi kwenye mstari ukihesabu ndoo au toroli, kisha zidisha kwa idadi ya tabaka zilizobaki. Kwa tuta la mawe yaliyopangwa bila kunyooka, au lenye kona zisizoeleweka, naiamini kuliko zile mbili. Kasoro yake ni kwamba lazima uwe na udongo wa kuanzia kabla hujajua jumla.

Kwa maumbo mengine sina mengi ya kusema. Tuta la duara: chukua nusu ya kipenyo, zidisha kwa yenyewe, kisha kwa 3.14; kipenyo cha mita 1.2 kinatoa eneo la mita za mraba 1.13. Tuta la umbo la L likate kwa mawazo kuwa mistatili miwili na ujumlishe. Kwenye mteremko, pima kina upande wa juu na upande wa chini, jumlisha, gawa kwa 2.

Anayepima kwa futi awe mwangalifu na inchi. Futi 8 kwa 4 kwa 1 ni futi za ujazo 32, na kila futi ya ujazo ni lita 28.3, jumla lita 906. Kina kikiwa cha inchi, kigawe kwanza kwa 12. Yadi ya ujazo, ambayo hutumika sana Marekani, ni futi za ujazo 27, yaani lita 765 hivi. Anayeichukulia kuwa sawa na mita ya ujazo anapungukiwa na karibu robo ya udongo wake.

Jambo moja nalisisitiza: pima ndani ya fremu. Kama zile mita 2.4 kwa 1.2 ni za nje na mbao zina unene wa sentimita 5, ndani umebaki na 2.3 kwa 1.1. Kwa kina cha 30 ni lita 759, pungufu kwa lita 105. Ukuta ukiwa wa matofali yenye unene wa sentimita 15, ndani ni 2.1 kwa 0.9, na mahitaji yanashuka hadi lita 567. Hapo theluthi nzima ya udongo ulioagiza kwa vipimo vya nje itabaki imerundikwa njiani.

Kina kipi?

Jedwali hili ni la tuta letu lenye eneo la mita za mraba 2.88. Safu ya tatu imeongezwa asilimia 15 kwa ajili ya udongo kushuka, jambo nitakalolieleza baadaye. Mifuko nimeihesabu kwa safu hiyo ya tatu, nikipandisha hadi mfuko kamili.

| Kina cha udongo | Ujazo kamili | Pamoja na asilimia 15 | Mifuko ya lita 50 |
|---|---|---|---|
| Sentimita 20 | Lita 576 | Lita 662 | 14 |
| Sentimita 30 | Lita 864 | Lita 994 | 20 |
| Sentimita 45 | Lita 1,296 | Lita 1,490 | 30 |
| Sentimita 60 | Lita 1,728 | Lita 1,987 | 40 |

Kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho unatoka mifuko 14 hadi 40, na eneo la kupandia ni lilelile. Ligeuze swali: ukiwa na mita moja ya ujazo ya udongo mzuri, kwa kina cha sentimita 60 unapata tuta la mita za mraba 1.7 tu. Kwa kina cha 20 unapata mita za mraba 5. Kwa mtu anayetaka mboga nyingi, hiyo ni tofauti kubwa sana. Je, mizizi inapata nini kwenye zile sentimita 40 za ziada? Jibu liko chini ya fremu.

Kama tuta limekaa juu ya ardhi, bila sakafu, mizizi haijui fremu inaishia wapi. Inashuka kadiri udongo wa chini unavyoiruhusu. Kwa hiyo kabla ya kujaza, ilegeze ardhi hiyo. Choma jembe la meno hadi sentimita 20 au 25, liyumbishe mbele na nyuma ili udongo ufunguke, lichomoe, sogea hatua moja, rudia. Usigeuze udongo juu chini. Ukiisha kufanya hivyo, ukajaza sentimita 20 tu za mchanganyiko mzuri, mizizi ina sentimita 40 hadi 45 za kutembea. Umelipia 20. Huu ndio uamuzi ninaousimamia kuliko mwingine wowote katika makala hii: mwenye ardhi inayolegezeka aanze na sentimita 20, na udongo anaookoa autumie kwenye tuta la pili.

Sentimita 30 nazipendekeza pale ardhi ya chini ni mfinyanzi mzito unaotuamisha maji, au imeshindiliwa na magari hadi jembe linaruka. Hapo mizizi itachukua misimu kadhaa kuizoea ardhi hiyo, na nyungunyungu watasaidia taratibu kutoka juu. Zile sentimita 10 za ziada zinakupa mavuno huku mkisubiri. Kabichi, maharage, pilipili hoho na karoti zisizo ndefu huridhika kabisa na 30.

Hesabu inabadilika tuta likikaa juu ya saruji, vigae, mwamba, au ardhi unayoishuku kuwa na sumu, kwa mfano palipowahi kumwagwa mafuta ya mashine au rangi za zamani zenye madini ya risasi. Palipo na sumu utatenganisha kwa kitambaa kizito kinachopitisha maji, na juu ya saruji mizizi itagonga ukuta. Kina ulichojaza ndicho kina chote kilichopo. Saladi, figili na vitunguu vinaweza kuishi kwenye sentimita 15 hadi 20, ila udongo huo mwembamba hukauka upesi na utamwagilia mara kwa mara. Nyanya, biringanya, bamia na maboga yanataka 45 kwenda juu. Kwa anayetaka kulima kila kitu juu ya saruji mimi husema 45. Thelathini itakulazimisha kuchagua mazao, na 60 ni mzigo ambao mimea mingi ya mboga haitakulipa.

Je, 60 ina kazi gani basi? Ni ya mwili wa mkulima. Mzee ambaye magoti yamechoka, mtu mwenye maumivu ya kiuno, anayelima akiwa kwenye kiti cha magurudumu: kwao fremu ya sentimita 60 au zaidi ndiyo inayowawezesha kulima. Jenga bila kusita. Ila kumbuka kwamba hicho ni kimo, na si lazima udongo mzuri uanzie chini kabisa. Jaza nusu ya chini kwa udongo wa kawaida uliochimbwa hapohapo, kisha weka mchanganyiko mzuri kwenye sentimita 30 za juu.

Kina kikubwa kina gharama nyingine mbili ambazo hazionekani kwenye jedwali. Udongo wenye unyevu huwa na uzito wa kati ya tani 1.2 na 1.6 kwa mita ya ujazo, hivyo tuta letu la 60 lina zaidi ya tani 2. Uzito huo husukuma kuta kwa nje. Ubao wa mita 2.4 usiofungwa katikati utavimba, na tuta lililovimba linameza udongo zaidi ya uliohesabu. Funga mbao mbili zinazotazamana kwa waya mzito au kipande cha ubao katikati ya urefu. Pili, kwenye roshani au juu ya paa hata 30 si mchezo: udongo uliolowa wa kina hicho unakaribia kilo 450 kwa kila mita ya mraba. Usijaze chochote juu ya jengo kabla mhandisi hajakuambia sakafu inabeba kiasi gani.

Kwa nini udongo hushuka

Tuta langu la kwanza nililijaza nusu udongo na nusu mboji hadi ukingoni kabisa, kina cha sentimita 30. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa limeshuka sentimita 8 hivi. Nilidhani nimeibiwa na aliyeniuzia. Sikuibiwa. Mambo matatu yalikuwa yamefanyika kwa wakati mmoja.

La kwanza ni hewa. Udongo uliotoka kumwagwa kwa sepetu umejaa mianya, na maji ya kumwagilia mara chache tu huifunga mingi. La pili ni kuchanganya kwenyewe. Jaza ndoo moja mboji yenye chembe kubwa na ndoo moja mchanga, changanya, kisha pima: hupati ndoo mbili kamili, kwa sababu chembe ndogo zimeingia kwenye nafasi za chembe kubwa. Watu wengi hujumlisha lita za viungo kana kwamba vitabaki vile vile. La tatu, na ndilo kubwa zaidi kwa muda mrefu, ni kuoza. Mboji ni chakula cha viumbe vya udongo. Inaliwa, sehemu yake kubwa inaondoka kama hewa, na tuta linashuka.

Ndiyo maana asilimia ya nyongeza haiwezi kuwa moja kwa kila mtu. Mchanganyiko wenye theluthi moja ya mboji au pungufu, ongeza asilimia 15. Mboji ikifika nusu, ongeza 20 hadi 25. Udongo mtupu uliokwisha kutulia kwenye lundo kwa muda, 10 inatosha.

Na usilenge ukingo. Acha sentimita 3 hadi 5 juu kwa ajili ya matandazo na ili maji yasimwagike nje unapomwagilia. Vina vilivyo kwenye jedwali ni vya udongo baada ya kutulia. Anayetaka 30 kamili ajenge fremu ya 35.

Ujaze nini ndani

Udongo wa juu peke yake ndio unaoshuka kidogo zaidi na kudumu zaidi. Madini yake hayaozi. Ubaya ni kwamba ndani ya fremu, udongo wenye mfinyanzi mwingi hukauka na kupasuka, na wenye mchanga mwingi hupitisha maji na rutuba. Kabla hujanunua, weka kiganja cha udongo huo kwenye chupa ya kioo yenye maji, tikisa kwa nguvu, iache mahali pasipoguswa. Mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili, chembe laini za kati huchukua saa kadhaa, mfinyanzi huweza kuchukua siku nzima au zaidi. Ukiona tabaka la mfinyanzi limeshika zaidi ya theluthi, utahitaji mboji ya kutosha kuulegeza.

Mboji peke yake ni kishawishi kikubwa kwa sababu ni nyepesi na nyeusi na inanukia vizuri. Siishauri. Msimu wa kwanza mimea hushamiri kweli, lakini kila mwaka utakuwa unajaza upya, fosforasi hulimbikizana kuliko mimea inavyoihitaji, na mboji ikikauka kabisa maji huteleza juu yake bila kuingia. Anayeijaza kwa mifuko atanunua tuta lilelile mara mbili ndani ya miaka michache.

Mchanganyiko ninaouchagua kwa tuta lililokaa juu ya ardhi ni theluthi mbili udongo na theluthi moja mboji. Kwa kina cha 30, zile lita 994 zinakuwa lita 663 za udongo na 331 za mboji, yaani ndoo 33 na ndoo 17 za lita 20. Juu ya saruji ongeza kitu chepesi kinachoshika hewa, kama mchanga mkubwa wa volkano au nyuzi za maganda ya nazi. Nyuzi hizo zikinunuliwa kama tofali kavu la kilo 5 hufumuka kwa maji na kufika zaidi ya lita 60, kwa hiyo usizihesabu kwa ukubwa wa tofali.

Kisha kuna njia ya magogo. Unapanga magogo na matawi chini, unafunika kwa majani, halafu udongo juu. Wengi huipenda kwa kuokoa udongo, na inaokoa, lakini si kwa kiasi kinachotajwa. Tuseme kwenye tuta la 60 umejaza sentimita 25 za magogo. Kwa hesabu ya haraka umeokoa 2.88 × 25 × 10, lita 720. Ila matawi yaliyojipinda yana nafasi katikati yake; mbao yenyewe ni kama nusu tu ya ujazo huo. Nafasi zilizobaki zitajazwa na udongo, ama wewe uusukumie kwa maji siku hiyohiyo, ama ujiporomokee wenyewe baadaye na kuacha mashimo katikati ya miche. Umeokoa lita 360 hivi. Si haba, ila panga kwa namba hiyo.

Magogo pia huendelea kuoza kwa miaka, na tuta litashuka kwa miaka hiyo yote. Mti mbichi au vumbi la mbao likikaa karibu na mizizi hushika naitrojeni wakati wa kuoza na mimea hubadilika kuwa njano, hivyo magogo yawe chini kabisa na sentimita 30 za udongo ziwe juu yake. Usitumie mbao zilizotiwa dawa wala zenye rangi. Mikaratusi na miti ya jamii ya jozi nyeusi hutoa kemikali zinazozuia mimea mingine, iache. Kwa tuta la 20 au 30, njia hii haina nafasi kabisa. Ni ya matuta marefu kwenda juu, na hapo naipenda.

Kokoto chini ya udongo ni ushauri unaorudiwa sana na ningeomba usiufuate. Watu huamini zinasaidia kupitisha maji. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu umelowa kabisa. Hivyo tabaka lenye maji yaliyotuama linapanda juu, karibu zaidi na mizizi. Umepoteza kina na hujapata faida. Juu ya saruji toboa matundu pembeni chini ya fremu na uache udongo ufike hadi sakafuni.

Mifuko au mzigo wa lori

Mifuko ina faida ya kujua unachopata: ujazo umeandikwa, mbegu za magugu ni chache, na unaweza kuibeba kupitia mlango mwembamba. Lori lina faida ya bei kwa kila lita, karibu kila mahali. Mimi huweka mpaka kwenye nusu mita ya ujazo. Chini ya hapo mifuko 10 haisumbui mtu. Juu ya hapo naanza kuuliza lori linaweza kusimama umbali gani kutoka kwenye tuta, kwa sababu lita 994 kwa toroli la lita 80 ni safari 13, na safari 13 za mita 10 si sawa na 13 za mita 100 zenye ngazi.

Ukiwa unanunua kwa lori, agiza kwa ujazo, si kwa uzito. Jirani yangu alihitaji mita moja ya ujazo na akaagiza tani moja akiamini ni kitu kimoja. Mzigo ulifika siku baada ya mvua kubwa. Udongo uliolowa ukiwa na tani 1.5 kwa mita ya ujazo, tani moja ni lita 667 tu. Theluthi moja ya tuta lake ilibaki tupu, na sehemu ya uzito alioulipia ilikuwa maji. Kama muuzaji anauza kwa tani tu, muulize ujazo wa ndoo ya mashine yake ya kupakia na ni ndoo ngapi atakazoweka.

Mifuko iliyoandikwa kilo bila lita ina tatizo hilohilo. Fungua mmoja, jaza ndoo ya lita 10 bila kushindilia, ipime. Ikiwa lita 10 zina kilo 6, mfuko wa kilo 25 una lita 42 hivi.

Udongo wa lori uangalie kabla haujapakiwa. Chukua konzi, ubonyeze: ukibaki bonge linalovunjika kwa kidole, ni mzuri. Samadi na mboji za lori zina hatari moja ya kimyakimya. Zipo dawa za kuua magugu ambazo hupita kwenye nyasi, zikapita kwenye tumbo la ng'ombe, na bado zikabaki kwenye samadi zikiwa na nguvu ya kudhuru nyanya na maharage. Panda maharage machache kwenye kopo la mchanganyiko huo na mengine kwenye udongo unaouamini. Subiri wiki 3. Majani mapya yakijikunja na kuwa membamba kwenye kopo la kwanza tu, usiuingize mzigo huo kwenye tuta.

Siku ya kujaza, weka tabaka la sentimita 10 hadi 15, mwagilia lilowe, weka jingine. Usikanyage ili kuushindilia, maji yanatosha. Likiisha kujaa, liache wiki 2 kabla ya kupanda ukiweza, kisha jazia palipobonyea. Hapo ndipo ile asilimia 15 inapotumika, na kwa kawaida hubaki ndoo kadhaa. Zifunike kwa turubai mahali pakavu, kwa sababu kila mwaka tuta hili litakuomba sentimita 3 za mboji juu: 2.88 × 3 × 10, lita 86, ndoo 4 na kidogo.